Rangi ya Kucha Nyuma ya Televisheni

Televisheni ya mama ilizimika wiki ileile kaka alipotangaza kwamba sasa ni wakati wa kukaa kikao cha ukoo kuhusu shamba la marehemu baba. Mtu mwingine angesema imetokea tu. Mimi si mtu wa kusema imetokea tu. Mama aliponipigia simu kuniambia chombo kimekufa, sikumuuliza kimekufaje. Nilimuuliza nani alikuwa sebuleni.

Nieleze kwanza kwa nini nilipata kiwewe kwa ajili ya televisheni. Niliporudi nyumbani Ihanda kutoka kwenye ndoa iliyonishinda, nikiwa na watoto wawili na cherehani, baba alinikatia kipande cha kibanja chake, shamba linalozunguka nyumba. Ni upande wenye kahawa, kuanzia kwenye mulamula wa juu, ule mmea tunaopanda mipakani, hadi chini kwenye chemchemi. Hakuandika popote. Kwetu baba akishasema amesema, ilimradi awe hai wa kusema tena.

Halafu, muda si mrefu kabla hajafariki, watu wa televisheni walikuja kutengeneza kipindi cha kahawa wakamkuta shambani. Mtangazaji akamuuliza haya yote atamwachia nani. Baba akanyoosha fimbo yake. "Kutoka mulamula ule mpaka kwenye maji, hiyo ni ya binti yangu. Wanaume wana yao." Kipindi kiliporushwa tulikuwa wote sebuleni. Kaka aliyasikia maneno hayo akiwa kwenye kochi, na aliendelea kutafuna karanga.

Siku hiyo nilikuwa nimechomeka flashi nyuma ya televisheni na kubonyeza kitufe cha kurekodi. Nilijiona mjanja kweli. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba kilichorekodiwa hakifunguki kwingine kokote, si kwenye kompyuta ya shule, si kwa jirani. Kinafunguka kwenye televisheni ileile iliyokirekodi, basi. Nilijaribu kukichukua kwa simu kutoka kwenye kioo, picha ikajaa mistari na sauti ya baba ikamezwa na mvua juu ya bati. Nikasema nitarudia siku isiyo na mvua. Niliwapigia pia wale wa kituo cha televisheni, wakasema watatafuta kwenye kumbukumbu zao. Mpaka leo wanatafuta.

Kwa hiyo baba alipofariki, kahawa yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye ile televisheni. Kaka alilijua hilo, na mimi nilijua kwamba analijua.

Niliacha nguo za watu mezani Nyaishozi, nilikopanga chumba cha kushonea, nikapanda bodaboda hadi kwa mama. Nilipoiwasha televisheni, taa nyekundu iliwaka, ikapepesa, kitu ndani kikalia ka, kisha kimya. Baada ya muda kikalia tena ka. Mama alisema umeme ulikatika asubuhi ukarudi kwa nguvu. Nikatazama ukutani. Stabilaiza, kile kiboksi cha kuzuia umeme unaopanda na kushuka, hakikuwepo. Waya wa televisheni ulikuwa umechomekwa ukutani moja kwa moja.

"Stabilaiza iko wapi?"

"Wameiazima dukani," mama alisema. "Friji ya kaka yako ilikuwa inakoroma."

Kaka ana duka dogo mbele ya nyumba, na mama anakula kwake tangu baba afariki. Aliingia wakati nimepiga magoti nyuma ya televisheni, akanipa pole kana kwamba nimefiwa.

"Usihangaike, mdogo wangu. Nitaipeleka kwa fundi mwenyewe. Ikishindikana nitamnunulia mama nyingine, kubwa kuliko hii."

Huyu ni kaka aliyeacha mlango wa choo cha mama ukae bila bawaba masika yote, na yeye akipita hapo kila asubuhi. Huruma hii mpya ilinitia baridi. Nikachukua blanketi, nikaiviringisha televisheni, nikaondoka nayo nimeikumbatia nyuma ya bodaboda. Flashi nayo niliitoa, na nilipofika Nyaishozi niliishonea ndani ya pindo la sketi yangu.

Fundi wa pale ni mtu wa Muleba, mpole, hapandishi sauti hata akipigwa na shoti. Upole wake ndio ulionifanya nikae palepale kwenye kiti chake cha wateja wakati anafungua. Alinionyesha ndani.

"Ugonjwa uko kwenye pawasaplai, hii bodi inayopokea umeme. Unaona hizi kapasita zilivyovimba? Na hiki kidude cheusi kimeungua. Kapasita ninazo. Kidude sina, na sidhani kama utakipata Kayanga wala Bukoba. Kampuni haiuzi vipuri kwetu."

"Sasa mnatengenezaje?"

"Tunangoja televisheni ya aina hiihii ipasuke kioo mahali, tunachukua bodi zake."

"Yaani mnangoja mwenzenu apate hasara."

"Ndiyo hivyo, dada."

Nikamwuliza ile bodi nyingine kubwa ni ya nini. Akasema hiyo ni mazabodi, ndiyo akili ya televisheni, na ni nzima kabisa. Niliposikia nzima kabisa nikafungua mkoba, nikatoa rangi ya kucha, nyekundu, nikatia nukta kwenye mazabodi na nukta kwenye pawasaplai.

"Dada, huniamini," alisema.

"Sijasema hivyo."

"Umepaka."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nimeona cherehani zikiingia kwa mafundi na vyuma vya Kijerumani zikatoka na vyuma visivyojulikana kwao ni wapi.

Nyuma ya televisheni kulikuwa na kibandiko chenye namba ya huduma kwa wateja, nikaipiga. Nilisikilizishwa muziki mpaka nikaukariri. Akaja kijana mwenye sauti ya kupendeza, akaniuliza niko wapi. Nikamwambia Karagwe. Akaniuliza Karagwe ni Mwanza? Akasema kituo chao cha matengenezo ni kimoja tu, kiko Dar es Salaam, na niipeleke huko kwa gharama zangu. Halafu akasoma namba ya televisheni niliyomtajia, akasema toleo hilo limeshasimamishwa, bodi zake haziagizwi tena, lakini ninaweza kupata punguzo nikinunua toleo jipya. Nikajiuliza huyu analipwa kutengeneza au kuua. Nikamwuliza habari ya kile nilichorekodi. Hapo, lazima niseme, alinisaidia.

"Dada, kile kimefungwa na mazabodi. Pawasaplai mnaweza kubadilisha, hakuna shida. Mazabodi ikibadilishwa, ulichorekodi hakitafunguka tena."

Nikarudi kwa fundi nikamwambia aguse pawasaplai tu, na kwamba mazabodi ikitoka, nitalala mlangoni kwake. Aliahidi. Jioni nikampigia mama, nikamweleza vilevile, taratibu, ili ajue kwa nini nachelewa: mazabodi isibadilishwe, ikibadilishwa baba ameondoka. Mama aliitikia ee, ee, kama anavyoitikia mahubiri marefu. Zaidi ya fundi na mama, sikumwambia mtu mwingine yeyote.

Siku ya kwenda Kihanga kupeleka sare za shule nilizoshona, mama alinipigia akiwa na furaha. Televisheni imewaka! Kaka yako ameileta, inaonyesha vizuri kuliko zamani, njoo uone.

Sikumbuki njia niliyorudia. Nilimkuta kaka kwenye lile kochi lake, televisheni inaonyesha mpira, mama anatabasamu kwa ajili yangu. Sikusalimu mtu. Nilikaa chini, nikafumua pindo la sketi mbele yao kwa meno, nikatoa flashi, nikaichomeka. Kioo kikaandika kwamba kifaa hiki hakisomeki, je, nataka kukifuta na kukiandaa upya? Nikachomoa, nikachomeka tena. Kikaniuliza vilevile.

Niligeuza televisheni, nikamulika na tochi ya simu kupitia matundu ya nyuma. Hapakuwa na nukta nyekundu. Si kwenye pawasaplai, si kwenye mazabodi.

"Bodi za zamani ziko wapi?" nilimwuliza kaka.

"Zimebaki kwa fundi. Kwani ulitaka za nini? Imewaka."

Nilipomfuata fundi hakunikwepa. Alisema kaka alikuja na televisheni ya aina ileile, iliyopasuka kioo, aliyoipata kwa mtu huko Kyerwa. Akaagiza ahamishe bodi zote mbili ili iwake leo, na akasema mimi ndiye niliyemtuma. Na bodi za zamani?

"Kaka yako aliondoka nazo, dada. Aliziweka kwenye mfuko wa rambo."

Mmoja wao alikuwa mwongo, au wote wawili. Sijajua mpaka leo, na bodi hazijaonekana. Lakini usiku na mchana nilisumbuliwa na jambo lingine. Fundi nilimwonya, na hakuwa na faida yoyote ya kunidhulumu. Kaka alijuaje kwamba ni lazima mazabodi itoke? Mtu aliyekuwa na habari hiyo, na ambaye anakula chakula cha kaka kila siku, ni mmoja. Sikupenda kulifikiria jina lake, lakini nililifikiria. Nikaacha kumpigia simu.

Kikao kilikaa wiki iliyofuata, mchana, nyumbani kwa mama. Wanaume sebuleni kwenye viti na rubisi yao, pombe ya ndizi, wanawake barazani kwenye mikeka. Baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, alimpa kaka nafasi. Kaka alizungumza vizuri, ana kipaji hicho. Alisema ananipenda, alisema sitakosa sahani kwake, lakini ardhi ya ukoo haiwezi kushikwa na mtu ambaye kesho ataolewa Ngara aende nayo. Wakaitikia.

Nikasimama mlangoni. Nikasema yote: maneno ya baba, stabilaiza, televisheni ya Kyerwa, mfuko wa rambo.

"Waitu, binti yangu," baba mdogo alisema, "mimi kile kipindi sikukiona. Iwashe tuone."

"Haifunguki tena."

"Basi tunafanyaje?"

Kaka akainua mikono. "Mimi sijaikataa video. Ailete, tuitazame pamoja."

Hapo nilijua nimeshindwa. Nilitazama ile televisheni, imefunikwa kitambaa chake cha kufuma, nikatamani kuipiga teke.

Mama akakohoa kutoka kwenye mkeka. Nilidhani anataka kuwaambia wanawake walete chakula.

"Ile siku," alisema, "mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya yule mwenye kamera. Nilikuwa nimebeba ungo wa buni. Baba yao alipomaliza kusema aligeuka akaniambia, umesikia? Nikamwambia nimesikia."

Mtu mmoja akaweka kibuyu chini. Mama hakusimama, aliendelea kuongea akitazama mikono yake.

"Na kabla ya kamera aliniambia ndani, kitandani, zaidi ya mara moja. Kutoka kwenye mulamula mpaka kwenye maji. Tangu azikwe nawaangalia. Mmekwenda kwa fundi. Mmepiga simu Dar es Salaam. Mwingine amefika mpaka Kyerwa kutafuta televisheni iliyopasuka. Mimi nipo hapahapa, napika. Hakuna aliyeniuliza."

Baba mdogo alijifuta mdomo, akakaa vizuri, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akageuza kiti chake kuelekea barazani. Akamwamkia mama kwa heshima yote anayostahili mke wa kaka yake, kisha akamwuliza swali moja baada ya jingine, na yeye akajibu. Alipomaliza, baba mdogo akasema mama amesema na yeye hana la kuongeza. Akaagiza yakatwe matawi ya mulamula na mpaka wa shamba langu upandwe leoleo watu wote wakiwa mashahidi. Kaka alichukua jembe mwenyewe akaanza kuchimba mashimo. Hata hilo nililitilia shaka, nikawa nafuata nyuma kuhakikisha hasogei upande wangu.

Chini karibu na chemchemi tulibaki mimi na mama. Wengine walikuwa wameshapanda kurudi kwenye chakula. Alinishikia tawi la mwisho liwe wima nami nikawa nalishindilia udongo kwa mikono. Nilikuwa na furaha, nilitaka kumshukuru, nilikuwa bado natafuta maneno ya kuanzia.

"Wale hawakuniuliza kwa sababu mimi ni mwanamke," alisema. "Hilo nimelizoea."

Alinyoosha tawi kidogo, lilikuwa limeinama.

"Wewe je? Kwa nini wewe hukuniuliza?"