Nyungunyungu wa Malarvizhi

Malarvizhi aliwalisha nyungunyungu wake kwa mkono, samadi ya ng'ombe iliyokaushwa na kulowekwa tena, na ukimwambia ananuka alicheka tu. Tulifanya kazi maabara moja kwa miaka mingi, mimi nikipima maji, yeye udongo. Mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinisimulia mwenyewe mchana tukila wali na mtindi.

Udongo ukiletwa kutoka mahali palipomwagwa kemikali za viwanda, aliutia kwenye mitungi ya kioo, akaweka nyungunyungu waliokomaa ndani. Mitungi mingine aliijaza udongo safi aliouchanganya mwenyewe, ili apate cha kulinganisha. Baada ya wiki mbili alimwaga yote na kutazama waliokufa. Hicho kilikuwa kipimo kifupi. Kirefu kilichukua miezi miwili, na chenyewe kilitazama kama wamezaa. Wateja wengi walitaka kile kifupi.

Alikuwa mtoto wa hapa hapa, kijiji kilicho chini ya viwanda vya ngozi. Chumvi na kromu za kulainishia ngozi ziliteremka na mfereji mpaka shambani kwa baba yake, mzee Kathavarayan. Malarvizhi alipokuwa msichana mdogo, maji ya kisima chao yaligeuka rangi ya chai kavu. Karanga zikakataa. Mzee akauza fahali wake na kwenda kusukuma mkokoteni wa ngozi katika kimojawapo cha viwanda vile vile, kwa kuwa kazi nyingine haikuwepo. Ndipo binti akaamua kusomea wadudu na wanyama wa ardhini. Posa yake ya kwanza ilivunjika kwa sababu hiyo. Mama wa kijana aliuliza, "Mwanamke anayeshika minyoo kutwa nzima, mwanangu atakula mkononi mwake?"

Miaka mingi baadaye, Malarvizhi akiwa tayari maabara, kiwanda hicho kilifungwa. Wenye kiwanda walikwangua udongo wa juu katika mashamba ya jirani, wakamwaga chokaa, wakatuletea magunia ya udongo upimwe. Gunia moja lilitoka kwa mzee Kathavarayan. Baada ya wiki mbili Malarvizhi alimwaga mitungi juu ya sinia. Nyungunyungu wote walikuwa hai.

"Udongo umefaulu," alisema mkuu wetu, Daktari Soundararajan.

"Daktari, wamekonda. Niruhusu niendelee na kipimo kirefu."

"Mteja hakukiomba."

"Nitakifanya pembeni, kwa muda wangu."

Daktari hakuwa mtu mbaya. Aliinua mabega tu, akaendelea na kazi yake.

Habari njema haikusubiri. Jioni hiyo mzee alimpigia simu, sauti juu kama yuko sokoni. "Malar! Eti minyoo yako imeishi kwenye udongo wangu!"

"Wameishi, baba. Lakini kuishi si kuzaa. Subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Mvua itanisubiri mimi?"

"Baba, nakuomba."

"Minyoo yako ni ya mjini, binti yangu, inataka kubembelezwa. Mimi ardhi yangu naijua." Akacheka mpaka akakohoa. Malarvizhi aliniambia hajawahi kumsikia baba yake akicheka vile tangu utotoni, ndiyo sababu alikosa nguvu ya kumkatalia.

Mzee akapanda karanga. Kila Jumapili binti alikwenda kumtazama, akamkuta ameinama shambani, taulo begani, akisemezana na miche. Nayo miche ilichipua vizuri, ikamfunga Malarvizhi mdomo. Huku maabara, kipimo kirefu kikafika mwisho. Mitungi ya udongo safi ilijaa watoto, vinyungunyungu vyembamba kama uzi. Mitungi ya udongo wa baba yake haikuwa na mtoto hata mmoja, wala kifuko cha yai. Wakubwa walikuwa bado hai, wamesinyaa, wamejikunja pamoja kama fundo.

Daktari Soundararajan alipeleka habari kwa wakubwa wake. Hakujibiwa.

Majani ya karanga yakaanza kugeuka njano kuanzia kingoni. Malarvizhi akaamua kwenda ofisi ya mkuu wa wilaya siku ya Jumatatu, siku ya kusikiliza malalamiko. Nilimsindikiza. Mzee alikuwa ametutangulia kufika, amevaa shati lake la harusi za watu. Foleni ilikuwa ndefu, ukumbi una joto. Zamu yetu ilipofika, Malarvizhi alitandika gazeti mezani, akamwaga mtungi mmoja wa udongo safi na mmoja wa shambani.

Afisa alirudi nyuma kidogo. "Ni nini hivi?"

Akaeleza. Alieleza vizuri, kwa utulivu, kama mwalimu.

"Lakini hawa wa shambani ni wazima," afisa alisema, akielekeza kwa kalamu. "Huyu si anatembea?"

"Ni wazima, bwana. Ila hawazai."

Karani aliyekaa pembeni akadakia, "Basi wamekubali uzazi wa mpango! Serikali iwape zawadi."

Ukumbi wote ukaangua kicheko, hata wanawake waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni, wenye mashamba yao wenyewe chini ya mfereji ule ule. Afisa naye alitabasamu, kisha akasema suala litaangaliwa, akaita mwingine. Malarvizhi alibaki amesimama, udongo umemkwama kuchani. Mzee Kathavarayan ndiye aliyekunja gazeti, polepole, ili nyungunyungu wasidondoke.

"Twende nyumbani, mama," alimwambia bintiye, kama vile wazazi wanavyowaita mabinti wadogo.

Wakati wa kuvuna, mzee aling'oa shina la kwanza, akaminya ganda. Tupu. Akang'oa jingine. Aliendelea mpaka mwisho wa mstari, halafu akaketi chini, akakataa kuinuka mpaka majirani walipomshika makwapani.

Kabla ya mwaka kwisha watu wa tanuru la matofali walikuja kuutaka udongo wenyewe, na mzee hakubishana. Malarvizhi alilia mbele yao, akawaambia udongo ule una sumu. Msimamizi wao akamjibu kwa upole, "Dada, tofali halihitaji kuota." Mashine ikachimba wiki nzima. Pamebaki shimo, na mvua ikinyesha hujaa maji ambayo mbuzi huyanusa na kuyaacha.

Mzee alifariki kwenye kitanda cha kamba, uso ukielekea ukutani. Malarvizhi bado yuko maabara. Siku hizi udongo unakuja na namba tu, na amemwomba Daktari asimwambie umetoka kijiji gani. Juzi alimwaga mitungi ya wiki mbili, akatazama, akasema, "Hai wote," asiombe kipimo kirefu, akaenda kunawa mikono.