Nilitoa siri ya rafiki yangu kwa maiki nikitafsiri muvi ya action pale Tuwan

Wakuu, salamu kutoka Kitale.

Mimi humu huwa msomaji tu. Nilisoma mpaka darasa la nane, naandika pole pole, na huu uzi nimeuandika kwa simu siku nne nikifuta na kurudia. Mnivumilie. Yote ni kweli. Ningekuwa nadanganya, ningejipa sehemu nzuri zaidi ya hii niliyo nayo.

Kazi yangu ni kutafsiri muvi.

Kuna kibanda cha video hapa mtaani Tuwan, mabati juu, mabenchi chini. Mwenyewe tunamwita Baba Chebet. Jumapili watu wakitoka kanisani wanajaa. Mimi hukaa nyuma ya pazia na maiki. Muvi ikienda, naitafsiri hapo hapo kwa Kiswahili na kuongeza vituko vya kwetu. Adui akitoroka, nasema anaelekea Kapsokwony na pikipiki imemkatalia kwa kilima. Watu wanacheka mpaka benchi linalia.

Ukinikuta barabarani huwezi kuamini ni mimi. Nina aibu sana. Dukani nikipata watu watatu, nangoja nje mpaka watoke. Lakini nipe maiki na pazia katikati, naongea kama mtu mwingine kabisa.

Sasa niwaambie kitu ambacho wateja hawajui. Kiingereza changu ni kidogo. Nusu ya tafsiri naisoma kwa picha.

Aliyenifundisha kusoma picha ni Simiyu. Ni mtu wa bodaboda, rafiki yangu tangu tukiwa watoto, kwao ni Bungoma lakini alikuwa anaishi hapa Tuwan na mke wake Nekesa. Kabla sijawa DJ, ndivyo tunavyoitwa sisi wa kutafsiri muvi, tulikuwa tunakaa benchi moja. Siku moja aliniambia, "Wewe wacha midomo yao. Angalia kamera iko wapi."

Nikaanza kuangalia, na wakuu, muvi za action ni kama shamba lililopimwa. Kila kitu kina mstari wake.

Stering, yaani yule mkuu wa muvi, kamera inamchukua kutoka chini ili aonekane mrefu. Mtu mdogo anachukuliwa kutoka juu, unaona utosi wake. Ngumi haigusi mtu. Unaona mkono ukienda, picha inakatwa, unaona uso ukigeuka, halafu mlio unawekwa baadaye. Rafiki wa stering akitoa picha ya mtoto wake mfukoni, huyo hamalizi muvi. Adui mkubwa akishampata stering hapigi risasi, anaanza kuhutubia. Muziki ukinyamaza ghafla, shika benchi, kuna kitu kinakuja.

Na karibu kila muvi ya kutafuta hazina ina mwoga mmoja. Yeye ndiye wa kuanguka, kupiga kelele na kukimbia. Amewekwa pale ili stering aonekane shujaa zaidi. Watu wa Tuwan wanampenda mwoga kuliko stering. Nami nilijua hivyo. Mwoga akitokea tu, naongeza sauti.

Turudi kwa Simiyu.

Mwaka jana, mahindi yakiwa marefu, alibeba abiria wawili kuelekea mji mdogo wa Kwanza. Njiani wakamgeukia na panga na pikipiki ikaenda. Alirudi nyumbani kwa miguu, ana gambuti moja tu, ile buti ya mpira. Nekesa na ndugu zake aliwaambia alipigana na watu watatu, na gambuti ya pili iliruka akimpiga mmoja teke. Ukweni kwake wakamheshimu sana kwa hiyo teke.

Mimi aliniambia ukweli. Tulikuwa tumekaa kwa stage ya bodaboda, yeye hana pikipiki, ananitazama viatu.

"Sikupigana bana," akasema. "Panga iligonga tanki, paa! Nikaruka. Niliacha injini inanguruma, nikaingia kwa mahindi. Gambuti ilibaki kwa matope. Nililala chini kama panya, nasikia wakicheka."

Nikamwambia, "Hata mimi ningekimbia."

"Si unajua hii ni yako peke yako?"

"Najua."

Miezi ikapita. Akapata pikipiki ingine ya kuendesha. Nikadhani yameisha.

Sasa hiyo Jumapili. Muvi ilikuwa ya watu wanaotafuta kinyago cha dhahabu msituni. Kabla hatujaanza, Simiyu akaja akachungulia pazia, anacheka.

"DJ, leo niko na shemeji yangu Wafula, kaka ya Nekesa, ametoka Bungoma. Nimemwambia wewe ndio mwisho. Usiniangushe."

Nikamwambia atulie tu.

Wakuu, nilitaka kumfurahisha. Hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Katikati ya muvi, majambazi wanawavamia usiku. Hao wa kinyago wana mtu wa kuwaonyesha njia, mwembamba, kofia kubwa. Anaona bunduki, anatupa mzigo, anakimbia kwenye nyasi ndefu.

Mwoga huyo. Nikaongeza sauti.

"Ooo! Jamaa ameona moto! Anasema mama nisaidie! Anaingia kwa mahindi ya wenyewe!"

Watu wakaangua kicheko. Na ukiwa na maiki, kicheko ni kama kuteremka na gari ambalo halina breki. Nikatafuta cha kuongeza, na mdomo ukachukua kilichokuwa karibu.

"Ameacha pikipiki inanguruma! Gambuti moja imebaki kwa matope! Amelala kama panya, kesho ataambia wakwe zake ati alipiga mtu teke!"

Kibanda kikapasuka. Kuna mzee alipiga ukuta wa mabati kwa ngumi.

Sikutaja jina. Hilo nilijitetea nalo wiki nzima, kwamba sikutaja jina.

Lakini pazia lina tundu ninalotumia kuangalia watu. Nikachungulia nione Simiyu amefurahi vipi. Hakuwa anacheka. Wafula alikuwa amegeuza kichwa, anamtazama. Kwanza uso. Halafu macho yakashuka mpaka miguu.

"Kumbe," Wafula akasema, si kwa sauti kubwa, lakini benchi la mbele lilisikia. "Kumbe shemeji, ile teke."

Mtu wa stage aliyekuwa hapo akaelewa. Akamwambia jirani yake. Nikaona ile habari ikitembea benchi hadi benchi, na mimi nimeshika maiki, na muvi inaendelea. Nilinyamaza mpaka Baba Chebet akapaza sauti, "DJ, umeme umekata wewe peke yako?"

Simiyu akainuka akatoka. Hakutazama pazia.

Kesho yake kwa stage walikuwa wanamwita Mahindi. Abiria akija, wanasema, "Panda ya Mahindi, lakini ukiona panga utajishikilia mwenyewe." Hakumaliza mwezi. Akarudisha pikipiki ya watu, akahamia kwao Bungoma na Nekesa. Mimi sikumuaga. Nilipita njia ya nyuma siku tatu ili nisipite kwa stage.

Kisha kikatokea kitu. Baba Chebet aliniambia tutarudia ile muvi, kwa sababu watu wanaitaka. Nikaenda mchana siku ya kazi nikaiangalia peke yangu bila maiki. Sikuwahi kuiangalia hivyo.

Wakuu, ile sehemu ya mwoga haina kichekesho.

Anapokimbia, muziki unanyamaza. Si nimewaambia muziki ukinyamaza maana yake nini? Kamera inashuka chini kwa nyasi, inalala pale naye, uso kwa uso. Haimtazami kutoka juu. Muvi yote picha zinakatwa haraka haraka, lakini hapo haikatwi. Unaona jasho. Unaona anajiziba mdomo kwa mkono ili pumzi isisikike. Anaona aibu kabla hata mtu hajamcheka.

Na mwishoni, stering akiwa ananing'inia kwa jabali, ni huyo mtu anarudi na kamba. Siku ile hapo sikutafsiri vizuri. Macho yangu yalikuwa kwa benchi aliloacha Simiyu, nikasema tu "ameokolewa".

Mimi nakula kwa kusoma picha. Picha hiyo nilikuwa nimeipigia kelele tu. Kicheko hakikuwa ndani ya muvi. Nilikiweka mimi.

Nikaenda Bungoma.

Nilimkuta kando ya soko anaziba pancha, gurudumu limelala kwa magoti. Aliniona mbali. Akaendelea kupaka solushoni, ile gundi ya pancha.

"Umekuja na maiki?" akauliza.

Nikatingisha kichwa.

"Basi hutaongea leo."

Nikachuchumaa. Nilikuwa nimepanga maneno njiani kutoka Kitale. Nikashika gurudumu upande wa pili ili lisicheze. Akaziba, akaweka upepo, akatia majini kuangalia kama linavuja. Mteja akaja, akachukua, akaenda.

"Nilikosea," nikasema.

"Nani?"

"Mimi. Mimi nilikosea, Simiyu. Uliniambia iwe yangu peke yangu."

Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Hiyo Mahindi nimezoea," akasema. "Wafula naye atachoka kucheka. Lakini unajua Nekesa aliniuliza nini? Hakuuliza kwa nini nilikimbia. Aliniuliza, 'Kwa nini ulimwambia DJ, mimi ukanidanganya?' Nikimwambia habari yoyote sasa, hata ya bei ya nyanya, ananitazama kwanza."

Ningekuwa na pazia ningejificha.

Baadaye akauliza, bila kunitazama, "Yule wa kofia. Aliishia wapi?"

"Alirudi."

"Na nini?"

"Na kamba. Ndiye alimtoa stering."

"Hukusema."

"Sikusema."

"Haya," akasema, akavuta gurudumu lingine. "Nenda, utakosa gari."

Hakuniambia amenisamehe. Sikumuuliza.

Jumapili tukarudia ile muvi. Ilipofika pale kwa nyasi nikazima maiki. Watu wakaanza, "DJ amelala! Leta gambuti! Leta mahindi!" Nikawaacha wapige kelele. Baadhi wakachoka wakaanza kutazama. Mtu wa kofia aliporudi, nikawasha maiki nikasema, "Amerudi na kamba." Basi. Kuna waliodai warudishiwe kiingilio, na Baba Chebet amesema nikirudia hivyo atatafuta DJ mwingine.

Simiyu hakuwepo kusikia. Hakuna mtu kibandani aliyejua nilikuwa namwambia nani.

Nilichojifunza ni hiki. Siri ya mtu ukiitoa bila jina, bado umeitoa. Mwenyewe anajijua, na aliye karibu naye anamjua. Na ukifika mahali pa kuchekesha watu, angalia kwanza kama picha yenyewe inacheka. Mimi niliangalia watu, sikuangalia picha.

Simiyu alilala kwa mahindi jioni moja akatoka. Mimi bado nipitapo kwa stage naangalia chini.

Sasa niulize wakuu. Naweza kwenda kwa Nekesa nimwambie mwenyewe, au nitakuwa nachokoza kidonda? Aliyewahi kuharibu hivi na akarekebisha, aniandikie alianza na neno gani. Hata matusi leteni, nitasoma yote. Kujibu ndiyo nitachelewa.