Diski tatu na korongo la Ganako

Ukungu wa asubuhi haujaachia mji wa Karatu, na Selestina Valeriani tayari amepiga magoti sakafuni mbele ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu. Diski moja imekufa wiki hii. Anachomeka mpya, anakaza skrubu, anawasha.

“Sasa naziunganisha tena, zote tatu ziwe kitu kimoja,” anasema, akiandika amri kwenye skrini nyeusi ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yake.

Selestina hutengeneza ramani za mashamba kwa picha za droni. Mwaka jana wakulima wa Ganako walimwomba awapigie picha mlima wao mzima, waone maji yanapita wapi, wachimbe makingamaji, mitaro ya kuyageuza, kabla ya masika.

Picha zilifika maelfu. Kompyuta ilipoanza kuziunga ziwe ramani moja, kazi ikajikokota, ikakwama, ikaanza upya. Juu ya Mlima Oldeani mawingu yalishaanza kukusanyika.

“Mashine yenyewe ilikuwa na nguvu. Ilikuwa inasubiri tu diski iiletee picha,” anaeleza. “Nilikaa hapa nikalia.”

Fundi mwenzake, Dennis, alimpa diski mbili na ushauri. Selestina alinakili kwanza picha zote kwenye diski ya nje, maana kuunganisha hufuta kila kitu. Kisha akazipanga diski tatu zigawane kazi: kila faili linakatwa vipande, kimoja kinakwenda diski ya kwanza, kinachofuata ya pili, kingine ya tatu, halafu mzunguko unarudi mwanzo. Zote zinasoma kwa pamoja.

“Ila ikifa moja, umepoteza zote,” anaonya. “Bila ile nakala ya nje, leo ningekuwa sina hata picha moja.”

Safari ile ya mwaka jana, ramani ilikamilika mapema, ikaonyeshwa ukutani kwenye ukumbi wa kanisa. Akina mama walianza kuonyeshana mashamba yao kwa Kiiraqw, lugha yao. Mzee Clemensi akasogea karibu kabisa na ukuta.

“Hili bati ni la kwangu?”

“Ndiyo, baba.”

“Na huu ufa?”

“Ni korongo. Linaanzia njia ya ng’ombe kule juu, linakuja nyumbani kwako.”

Mzee akavua kofia.

“Nimezaliwa kwenye mlima huu,” akasema. “Leo ndiyo nimeuona.”

Kijiji kizima kilipanda na majembe, kikachimba makingamaji kuikata ile njia ya ng’ombe. Masika yakashuka kwa kishindo.

“Nilisimama mlangoni na mke wangu,” anasimulia Mzee Clemensi, akionyesha majani yaliyoota kwenye kichwa cha korongo. “Maji yalikuja mekundu, yananguruma. Yalipofika pale yakageuka, kama ng’ombe aliyeitwa jina lake. Mke wangu alinishika mkono.”

Selestina sasa anatafuta diski nyingine, azipange kwa namna ambayo moja ikifa zilizobaki zitaendelea kufanya kazi. Wakulima wa kata ya Mbulumbulu wameshamwita.

“Kule makorongo ni mapana zaidi,” anasema. “Mama mmoja amenipigia simu: ‘Binti yangu, njoo kabla ya vuli. Jiko langu liko ukingoni.’ Nitakwenda.”