Anwani Saba, Waya Mmoja

Hospitali nzima ilimwita Waya. Mwembamba alikuwa kweli, lakini jina hilo halikutokana na mwili wake. Lilitokana na waya mmoja wa buluu uliotoka ukutani, ukapita nyuma ya kabati la chuma, ukaingia kwenye tundu moja la mashine moja. Waya ule ukichomoka, mapokezi hawaoni jina la mgonjwa, maabara hawatumi majibu, famasi hawajui nani kaandikiwa dawa gani. Na ukichomoka, au umeme ukikatika, anayeitwa ni yeye.

Zamani mashine zilikuwa saba, moja kwa kila idara, na kila moja ilikuwa na anwani yake, ile namba ambayo kompyuta huitana nayo kama watu wanavyopigiana simu. Ilikufa kwanza ya mionzi. Ombi la kununua nyingine likapelekwa juu, na huko juu likakaa. Waya akafanya alichoweza: akahamishia kazi za marehemu kwenye mashine jirani, akaipa na anwani ya marehemu juu ya ile iliyokuwa nayo, ili watu wa mionzi waendelee kupiga namba ileile na wapokelewe. Kisha ikafa ya stoo. Kisha ya chanjo. Kila msiba, anwani ya aliyekufa ilihamia kwa waliobaki, mpaka ikabaki mashine moja yenye kadi moja ya mtandao, inayoitikia majina saba. Wauguzi waliibatiza Mjomba, kwa sababu ndiye aliyeachiwa watoto wa ndugu wote.

"Mjomba ameamka?" waliuliza asubuhi wakipita.

"Ameamka, ila bado ananuna," Waya aliwajibu.

Tatizo lilikuwa hili. Ni anwani ya kwanza tu iliyokuwa imeandikwa kwenye faili ambalo Mjomba hulisoma anapowaka. Zile nyingine sita Waya aliziongeza kwa mkono, amri mojamoja kwenye kibodi, na amri ya namna hiyo haidumu. Mashine ikizimika inazisahau zote. Mwanzoni alifanya hivyo kwa haraka tu. Baadaye alifanya kwa makusudi, maana alikuwa mtu wa mkataba, na alishawaona wenzake wakimaliza kazi vizuri, wakipigiwa makofi, wakaonyeshwa mlango. Akajisemea, acha wanihitaji. Wakamhitaji kweli. Walimhitaji umeme ulipokatika, na jenereta ilipochelewa kushika. Walimhitaji makaburini, koleo likiwa mkononi. Walimhitaji harusini, na tangu siku ile akawa anaketi karibu na mlango kila aendako. Akaja kuajiriwa moja kwa moja, woga wa mkataba ukamwisha, lakini kitanzi kilikuwa kimeshakaza, na aliyeshika kamba sasa alikuwa Katibu wa hospitali.

Wapo watakaosema alijitakia. Alijitakia kweli. Lakini hospitali inayoning'inia kwenye kidole cha mtu mmoja nayo imeamua jambo: imeamua kutonunua mashine sita, imeamua kutoajiri mtu wa pili, kisha ikauita uamuzi huo uhodari wa Waya na kumpa cheti cha mfanyakazi bora. Alikitundika chooni kwake.

Mkewe alikuwa mwalimu. Alihamishiwa mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi, akaenda na binti yao, Kidoti. Huko kulikuwa na chuo kilichomtaka Waya akawatunzie mtandao wao. Nafasi ingemsubiri mpaka mwisho wa mwezi, mradi afike na barua ya kuachiwa na mwajiri wake.

"Baba Kidoti," mkewe alimwambia kwenye simu, "mimi simwambii tena mtoto kwamba umekwama. Ananiuliza umekwama kwenye nini, kwenye matope? Njoo, au sema huji, nijue moja."

Waya akapiga moyo konde, akaenda kwa Katibu. Katibu alikuwa mtu wa sauti nyororo, asiyegombana na yeyote.

"Kijana wangu, nani kakuzuia? Nenda hata leo. Ila mashine unamwachia nani?"

"Nimeshaziandika anwani zote kwenye faili, mkuu. Ikizimika na kuwaka itazirudisha yenyewe."

"Bila wewe kugusa?"

"Bila mimi kugusa."

"Basi Jumapili, wagonjwa wakiwa wachache, nakuja mwenyewe nachomoa umeme. Idara zote saba zikirudi, nasaini palepale. Ikikosekana hata moja, tuelewane, wewe na mimi bado tupo sana." Akacheka. Waya naye akacheka, kwa kuwa bosi akicheka ndivyo watu wafanyavyo.

Jumapili Katibu alikuja na makubazi, kalamu mfukoni. Dada Takwimu, mama mmoja aliyeshika chumba cha kumbukumbu za wagonjwa na asiyeweza kunyamaza hata mbele ya mganga mkuu, aliketi kwenye kompyuta iliyoonyesha idara saba: kijani kwa inayoitika, nyekundu kwa isiyoitika.

"Bosi, angalia usije ukachomoa friji ya chanjo," alisema.

Katibu akachomoa. Feni za Mjomba zikashusha pumzi, zikanyamaza. Kioo kizima kikawa chekundu. Akachomeka. Waya alisimama mikono nyuma.

Mapokezi, kijani. Maabara. Mionzi. Stoo, chanjo, mishahara. Famasi ikabaki nyekundu.

"Subirini kidogo," Waya akasema.

Wakasubiri. Nyekundu.

"Imegoma," Katibu akasema, bila masikitiko yoyote.

Sauti ikaja kutoka dirisha la famasi, upande wa pili wa korido. "Kaka Waya! Huku hatuoni kitu! Nina mama hapa na mtoto anachemka!"

Waya alichungulia. Mtoto alikuwa amelala begani kwa mama yake, mdomo wazi. Alichoandikiwa na daktari kilikuwa ndani ya Mjomba. Kukitoa kulihitaji mstari mmoja wa kibodi.

"Tulisema bila kugusa," Katibu alimkumbusha.

"Mkuu, kuna mtoto pale."

"Sijakukataza. Gusa." Akaisukumia kalamu ndani zaidi ya mfuko.

Waya akaketi. Vidole viliandika vyenyewe, kama vilivyozoea. Famasi ikawa kijani, na kule dirishani mfamasia akapaza sauti, "Ubarikiwe, kaka!" Katibu akampiga Waya begani, kwa upole kabisa. "Unaona? Bila wewe hapa hakuna hospitali." Akajiendea zake. Bega lile Waya alilisikia likiuma kama lililopigwa nyundo.

"Mjinga wewe," Dada Takwimu akasema. "Si ungemwacha Katibu aende akamweleze yule mama mwenyewe?"

"Ungeacha wewe?"

Waya akasogeza kiti. "Dada, njoo ukae hapa. Nikuonyeshe amri yenyewe, ni mstari mmoja tu. Umeme ukikatika unaandika, basi."

Dada Takwimu akaketi. Akanyoosha kidole juu ya kibodi, kisha akakirudisha. "Na nikiwa kwenye mahafali ya mwanangu?"

"Watakupigia."

"Na nikiwa naumwa?"

"Watakupigia vilevile."

"Kwa hiyo unajivua wewe, unanivisha mimi. Kaka Waya, mimi nakupenda, lakini siyo hivyo. Tafuta kwa nini imegoma."

Waya aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Akafungua kumbukumbu ambazo Mjomba huandika akiwaka, akasoma taratibu, jambo ambalo kwa miaka hakuwahi kulifanya kwa sababu sikuzote alikuwa anakimbizwa. Jibu lilikuwa pale. Anwani ikitoka kwenye faili, Mjomba haichukui hivihivi. Kwanza anauliza mtandaoni, nani anatumia namba hii? Akijibiwa na mtu, anaiacha. Waya alipoandika kwa mkono, Mjomba hakuuliza, aliinyakua tu. Leo ameulizia namba ya famasi, na kuna kitu kimemjibu: ni yangu.

"Nani huyo?" Dada Takwimu akauliza.

Waya alifuatilia. Ilikuwa printa mpya kwenye chumba cha mhazili, nje ya ofisi ya Katibu. Alikuja kuifunga mpwa wa Katibu, siku moja umeme uliporudi baada ya kukatika. Bila shaka mpwa alijaribu namba kadhaa ili apate iliyo wazi. Alipofika kwenye ya famasi haikuitika, maana Mjomba alikuwa ameamka lakini Waya alikuwa bado njiani anakimbia. Akaiona haina mwenyewe, akaichukua. Tangu hapo printa na famasi zilikuwa zikinyang'anyana namba moja, na famasi wakilalamika kwamba mtandao unakuja na kuondoka.

"Printa ya Katibu!" Dada Takwimu alicheka mpaka akashika meza. "Kakuzuia na printa!"

Chumba cha mhazili hakikuwa kimefungwa. Waya alibonyeza vitufe vya printa, akaipa namba nyingine mbali na zile saba, namba ambayo kompyuta ya Katibu haikuijua.

"Na kesho Katibu atachapa nini?"

"Atamwita mpwa wake."

Akampigia Katibu simu. "Mkuu, sababu nimeipata. Printa yako ilichukua namba ya famasi. Nimeshairekebisha. Naomba urudi tujaribu tena."

"Kijana wangu, nimeshavua viatu. Tutapanga mwezi ujao."

"Nafasi inafungwa mwezi huu, mkuu."

"Zitakuja nyingine." Simu ikakatwa.

Waya akashika tama. Dada Takwimu alimtazama, kisha akatoka koridoni. "Famasi! Una mtu?" Hakuna. "Mapokezi?" Hakuna. "Maabara, kuna majibu mnayoyatuma?" Wametuma yote. Akarudi, akainama nyuma ya kabati, akachomoa umeme.

"Dada!"

"Mikono nyuma."

Akachomeka. Mapokezi, maabara, mionzi, stoo, chanjo, mishahara. Famasi ikachelewa kidogo, ikaja. Zote saba, kijani.

"Nimeona mimi," Dada Takwimu akasema.

"Wewe huna saini."

"Sina. Lakini nimeona."

Waya aliendelea kukitazama kioo, akingoja mtu apige kelele, simu ilie, chochote. Hakuna aliyemwita. Alidhani angefurahi, badala yake akajiona kama aliyesahaulika kituoni. Ndipo akampigia mkewe.

"Nakuja kesho."

"Barua umepata?"

"Hapana."

"Chuo watakupokea bila barua?"

"Sijui."

Alimsikia Kidoti nyuma akiuliza ni nani. Mkewe akamwambia mtoto ni baba, kisha akarudi kwenye simu. "Na huko si watasema umetoroka? Miaka yako yote hiyo?"

"Watasema."

"Basi njoo. Tutajulia huku."

Dada Takwimu alikuwa ameshasimama mlangoni na funguo. "Unatoka, au nikufungie na Mjomba wako?"

"Natoka," Waya akasema. Lakini alikuwa bado ameketi, mkono mmoja juu ya kibodi. Dada Takwimu akarudi ndani, akaushika ule mkono, akautoa pale, akamwinua taratibu kama anavyoinuliwa mgonjwa siku ya kwanza ya kutembea.