Nembo Sita Chini ya Kitanda cha Twalibu

TABORA, 1953

Saa kumi na mbili asubuhi, Alhamisi. Nyuma ya karakana ya Kampuni ya Msafara, Twalibu bin Masolwa ameinama juu ya chungu cha kuyeyushia. Shaba ndani ya chungu imeyeyuka, sasa inatoa moshi mweupe kama unga wa muhogo uliopeperushwa. "Acheni," anawaambia vijana wanaopuliza moto. Mivukuto inanyamaza.

Anainua chungu kwa koleo na kumimina. Shaba inaingia kwenye kalibu ya mchanga kupitia tundu lisilozidi kidole gumba, na muda wote huo Twalibu hapumui. Kalibu ziko sita. Shaba aliyonayo inatosha sita tu. Moja ikiharibika hakuna nyingine.

Kesho kutwa, Jumamosi saa tatu, afisa wa serikali atafika kuyazindua mabasi sita mapya ya kampuni. Kila basi linatakiwa liwe na nembo ya shaba puani, juu ya rejeta. Meneja ameagiza picha ya mpagazi aliyepinda mgongo, mzigo kichwani, macho chini.

Alichokimimina Twalibu asubuhi hii si hicho.

"Wakiona leo, wataniachisha leo," anasema, akijifuta jasho kwa mkono wa shati. "Wakiona Jumamosi, wataniachisha Jumamosi. Mimi naomba iwe Jumamosi."

Twalibu ana miaka hamsini. Ishirini kati ya hiyo ameitumia katika karakana hii, tangu kampuni ilipokuwa na lori moja bovu la kwenda Nzega na kurudi. Mshahara wake ni shilingi themanini na nne kwa mwezi. Rangi nyekundu iliyopakwa mabasi hayo sita imeletwa kwa meli kutoka ng'ambo, na wanaojua bei yake wanasema ingemlipa Twalibu miaka miwili.

Nembo zote za Msafara zimepita mikononi mwake, na anazieleza kama mtu anayeeleza habari za watoto wake.

Ya kwanza ilikuwa herufi moja tu, M, aliyoikata kwa bati la debe la mafuta ya taa. "Ilikuwa inapiga kelele barabarani. Abiria wakidhani gari linakatika." Ya pili ilikuwa kichwa cha simba, kilichonakiliwa kutoka kifuniko cha kopo la rangi. Simba huyo alikuwa na skrubu moja katikati, na kwenye barabara ya mashimo alizunguka mpaka akatembea utosi chini kidevu juu. "Watoto wa mtaa wa Isevya wakimwita simba mlevi," anasema, na hapo ndipo anapocheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Ya tatu ndiyo hii. Kampuni inatimiza miaka ishirini, na wenyewe wakaamua kwamba gari lao liitwalo Msafara lazima libebe picha ya msafara. Wazo zuri. Wakaandika barua Uingereza. Mchoraji mmoja huko, ambaye hajapata kukanyaga hata Dar es Salaam, akachora mpagazi. Mchoro ukaja na meli, ukapanda treni, ukafika Tabora, ukawekwa mezani kwa Twalibu.

Tabora! Mji ambao kila nyumba ya zamani ina mtu aliyewahi kubeba au kubebeshwa. Mpagazi akachorwe Uingereza.

"Niliutazama ule mchoro siku nzima," anasema Twalibu. "Nikamwambia Tobias karani, huyu si mtu wetu. Akaniuliza, umemjuaje? Nikamwambia, Mnyamwezi habebi pembe ya ndovu kichwani. Anabeba begani. Kichwani walibeba watu wa pwani. Sisi bega. Mtoto mdogo hapa analijua hilo."

Alikwenda nyumbani, akachukua kipande cha mti wa mninga na kisu, akachonga kielelezo chake. Duara la ukubwa wa kisahani cha chai. Ndani yake mtu mmoja, mguu wa kushoto mbele, shingo imenyooka, pembe ya ndovu begani. Pembe hiyo haikai ndani ya duara. Ncha yake inatoka nje ya ukingo, mbele.

Anaeleza kwa kidole, hewani. "Ukiweka mzigo kichwani, duara lote linamkandamiza. Gari likisimama na yeye amekufa pale pale. Lakini pembe ikivuka ukingo, jicho la mtu linaifuata. Gari linaonekana linakwenda hata likiwa limezimwa."

Hakwenda shule ya kuchora. Hakwenda shule yoyote isipokuwa chuo cha Kurani.

Shaba nayo ina habari yake. Kampuni haikutoa. Twalibu aliitafuta mwenyewe: mabomba mabovu, bawaba za milango ya nyumba zilizoanguka, na zaidi ya yote maganda ya risasi, ambayo wakulima wa upande wa vilima vya Itaga bado wanayalima na viazi. Ni maganda ya mwaka 1916, Wajerumani na Wabelgiji walipougombea mji huu kama fisi wawili na mfupa mmoja.

Mwaka huo Twalibu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kaka yake Ngollo alikuwa na kumi na tisa. Alikamatwa sokoni, akatwishwa kisanduku cha risasi na kufungwa kamba kiunoni pamoja na wenzake. Hakurudi. Hakuna karatasi iliyoandikwa jina lake, hakuna kaburi, na hakuna aliyekuja kumwambia mama yake pole. Waliofanya hivyo waliondoka wakabadilishana bendera. Wakubwa wa leo hutuambia hayo yamepita, tusifukue. Wakulima wa Itaga wanafukua kila msimu, bila hata kukusudia.

"Katika maganda yale yapo aliyoyabeba Ngollo," anasema Twalibu. "Siwezi kujua ni yapi. Ndiyo maana niliyayeyusha pamoja."

Mkewe, Mwanamkuu, hakupenda jambo hili hata kidogo, na halifichi. Wana watoto wanne, nyumba ya kupanga Isevya, na mama mwenye nyumba asiye na subira.

"Nilimwambia, baba, mweke huyo mtu mzigo kichwani, tule," anasema. "Mtu mwenyewe wa shaba. Shingo haitamuuma. Akanitazama kama nimemtukana. Siku mbili hakunisemesha, ananiomba chumvi kwa kidole."

Ijumaa asubuhi nembo zimeshatoka kwenye mchanga, sita, zote nzima. Twalibu anazipiga tupa. Fundi wa bodi ameshatoboa boneti za mabasi yote sita, matundu mawili mawili, kwa kipimo alichopewa na Twalibu. Saa nne Mwanamkuu anaingia uani kwa karakana akimkokota mzee kwa mkono. Ni mkwewe, Masolwa, umri wake hakuna anayeujua, lakini alikuwa mpagazi wa pembe kabla ya reli, na safari za Bagamoyo anazihesabu nne.

"Mwangaluka," anawasalimu mafundi kwa Kinyamwezi, kisha anaketi juu ya tairi. "Nimeambiwa kuna mtu hapa anatafuta mpagazi."

"Shikamoo, baba," Twalibu anasema, ameduwaa. Anamgeukia mkewe. "Nani kakwambia umlete?"

"Hakuna. Asubuhi nimemwona anavaa shati. Nikaliona lile bega. Nikasema haya, twende. Tukifa njaa tufe tumeshasema."

Hapo meneja anatokea, mchoro wa Uingereza mkononi, Tobias karani nyuma yake. Anachukua nembo moja. Anaigeuza. Kiswahili chake ni kizuri, na hapandishi sauti.

"Fundi. Hii siyo."

"Siyo, bwana."

"Mchoro ulikuwa nao?"

"Nilikuwa nao. Una makosa, bwana. Mzigo hauko mahali pake."

"Dunia nzima inajua mpagazi hubeba kichwani."

"Kichwani anabeba mke wangu," mzee Masolwa anasema kutoka kwenye tairi. "Mtungi."

Mafundi wanainama juu ya kazi zao ili wasionekane wanacheka. Mzee anafungua vifungo vya shati, taratibu. Anatoa bega la kushoto. Juu yake kuna nundu, ngumu na nyeusi, imekatika nyufa kama kisigino. Hakuna anayecheka tena.

"Iguse, bwana," anasema. "Haiumi. Ilikuwa inauma zamani."

Meneja haigusi. Anaitazama nembo tena, na kile kinachomsumbua hasa kinamtoka sasa.

"Tuseme ni bega. Sawa. Lakini huyu wako, fundi, kwa nini kichwa kiko juu namna hii? Amesimama kama mtu anayekwenda kudai kitu."

"Bwana," mzee Masolwa anamjibu kabla ya mwanawe, "huyo anakwenda Bagamoyo. Kudai atadai akifika."

Meneja anatoa amri: zirudishwe zote chunguni, zisubiwe, zimiminwe upya kwenye kalibu kwa mchoro wa Uingereza, usiku na mchana mpaka Jumamosi. Twalibu anaweka tupa chini.

"Hizi nimeziyeyusha mara moja, bwana. Kama ni mara ya pili, ayeyushe mwingine."

"Basi huna kazi. Na hizi ni mali ya kampuni."

Ndipo Tobias karani, mtu wa misheni, mpole, ambaye katika miaka tisa hajapata kusikiwa akimpinga mtu yeyote, anakohoa.

"Samahani, bwana. Kwenye daftari la stoo hakuna shaba iliyotoka. Hata ratili moja."

Twalibu anazifunga nembo sita ndani ya kanga ya mkewe. Anamshika baba yake mkono mmoja, Mwanamkuu anamshika wa pili, na wanatoka kwa lango kubwa la magari.

Jumamosi saa tatu sherehe ilifanyika. Meneja alikuwa ametoa simba wa zamani kwenye stoo, akakuta kila simba ana skrubu moja na boneti zina matundu mawili. Kutoboa tundu la tatu kwenye rangi ile, mbele ya mgeni, hakuthubutu. Wakafunika kwa maua. Afisa akavuta kitambaa, watu wakapiga makofi, na mabasi sita yakatoka yamebandikwa maua ya bustani puani kama maharusi.

Mabasi yalipofika njiani maua yalikuwa yamekwisha kunyauka na kupeperuka. Tangu siku hiyo magari yale yanatembea na matundu mawili usoni. Abiria wanauliza. Madereva wanawaeleza. Wiki tatu sasa, hadithi ya mzee Masolwa na mtungi wa mkewe imetangulia mabasi kwenye kila kituo.

Twalibu anasubu bawaba na vifuniko vya majiko uani kwake, Isevya. Siku nzuri anapata shilingi mbili, siku mbaya hapati kitu. Mama mwenye nyumba ameshapita mara mbili.

Jumatatu iliyopita Tobias alikuja na ujumbe wa meneja. Twalibu arudi, aongezwe shilingi kumi, na pembe ibaki begani, hilo limekubaliwa. Sharti ni moja: shingo ya mtu wa shaba aiinamishe.

"Shilingi kumi," anasema Mwanamkuu, akichekecha mtama bila kuinua uso. "Niliuliza Tobias, ni kwa kila mwezi? Akasema kila mwezi. Nikamwangalia mume wangu. Akaniangalia. Nikamwambia Tobias, mwanangu, kunywa uji wako, urudi kazini, utachelewa."

Jana jioni alikuja dereva mmoja wa yale mabasi. Jina lake haliandikwi hapa, wala la njia yake. Alikuja na spana yake mfukoni.

"Fundi, nipe moja tu," alimwambia Twalibu. "Nitaifunga nikishatoka mjini."

"Na ukirudi?"

"Nitaifungua kabla ya kuingia."

"Basi huyo atakuwa anajificha. Mimi sikumsubu ajifiche."

Kisha Twalibu akamwambia anachokitaka, na anataka kiandikwe hivi hivi gazetini humu, meneja akisome. Nembo moja haitatoka chini ya kitanda. Zitatoka sita, siku moja, mchana, mbele ya ofisi. Madereva sita watasimama pamoja na kusema gari haliondoki bila mtu wake wa shaba. Matundu yapo. Kipimo ni chake. Kazi yote haizidi robo saa.

"Atawaachisha wote sita?" anauliza Twalibu. "Nani ataendesha? Yeye?"

Dereva yule alirudisha spana mfukoni na kusema naye yumo. Watatu walikuwa wameshakubali kabla yake; kwa hesabu hiyo wamekuwa wanne.

Ndani, Twalibu anavuta furushi kutoka chini ya kitanda na kulifungua sakafuni. Nembo zinang'aa, anazisugua kwa majivu na limau kila Ijumaa. Pembeni kuna kopo lenye skrubu kumi na mbili, zimepakwa grisi zisishike kutu. Mzee Masolwa anainua kichwa kutoka kitandani.

"Wamefika wangapi?"

"Wanne, baba."

"Bado wawili."

"Bado wawili," anasema Twalibu, na anaanza kuzifunga tena, moja moja, ncha za pembe zikielekea mlangoni.