Niligoma kumpa shemeji betri ya kurukia, ukoo ukaninunia

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya yamenikuta mwenyewe, sikuhadithiwa. Nimechoka kuyasikia yakizungushwa Isansa, kijijini kwa mume wangu, yakiwa yameongezwa chumvi, kwa hiyo leo nayamwaga hapa kama yalivyokuwa, na kosa langu likiwemo.

Mimi ni fundi betri, Tunduma. Ndiyo, mwanamke, msianze.

Mwaka wa kumi na moja huu nahangaika na malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Foleni ikikaa siku nne, dereva anasikiliza muziki, anachaji simu, siku ya kuvuka lori haliwaki. Hapo ndipo naitwa. Madereva wa Zambia wananiita bamayo, yaani mama, kwa heshima zote. Nyumbani natengeneza na betri za laptop, nilijifunza kwa kuziharibu kwanza.

Sasa, shemeji yangu Gidi, mdogo wake mume wangu, alirudi kutoka Sauzi na paramota.

Kwa wasioijua, ni mwamvuli mkubwa wa kurukia, halafu mgongoni unabeba feni ya kukusukuma. Nyingi zinatumia petroli. Ya Gidi ilikuwa ya umeme, mtumba, alipewa na bosi wake. Betri yake ni kama tofali mbili kwa ukubwa, na inakaa hapo hapo mgongoni.

Aliileta kwangu imekufa. Ilikaa miezi haijachajiwa. Mafundi wawili walishamwambia atupe, mmoja akaongeza, "Ukimpelekea yule mama wa malori ataiua kabisa."

Nikiambiwa hivyo mimi napandwa na wazimu. Nikamwambia Gidi, iache hapa.

Nikaifungua. Ndani seli zimepangwa mafungu kumi na manne. Kumi na matatu yalisoma volti tatu na nusu hivi. Fungu la tisa lilisoma moja nukta tisa. Ndiyo maana chaja ilikuwa inagoma.

Hapa ndipo nilipochemsha. Betri ya lori ikilala, unaipa busti kutoka betri nyingine, inaamka, lori linaondoka. Mkono wangu umezoea hivyo. Nikachukua waya, nikalipatia fungu la tisa busti kutoka kwenye seli nzima. Mita ikapanda. Nikapiga vigelegele peke yangu sebuleni!

Ikabaki kusawazisha. Mafungu yote lazima yawe na volti sawa, maana moja likijaa kabla ya wenzake linazidishiwa chaji. Mashine ya kazi hiyo sina. Nikatumia globu za indiketa. Fungu lililozidi nalifungia globu, inawaka wekundu hafifu, inalipunguza taratibu mpaka lifike walipo wenzake. Lililopungua nalichaji peke yake. Siku mbili betri iko juu ya meza ya chakula, watu wanakula mkekani.

Yote yakasoma nne nukta moja. Nilivimba kichwa, sikatai.

Gidi naye akatangaza. Jumapili kulikuwa na harambee ya bati za kanisa kule Isansa, na yeye atapaa juu ya mashamba ya kahawa watu wamwone. Ukoo mzima ukachangamka.

Ila nina kawaida moja. Betri nikiimaliza nailaza siku tatu bila kuigusa, halafu napima tena. Hata ya lori. Dereva apige honi mpaka achoke, atasubiri.

Ijumaa nikapima. Kumi na matatu hayajasogea. La tisa limeshuka mpaka tatu nukta tisa, lenyewe tu, bila kazi yoyote.

Fungu linalojimaliza lenyewe limeumia ndani. Linaweza kushika moto likiwa kazini, na moto wa betri hizi si wa kuzima na ndoo ya maji. Tena mtu yuko angani, amejifunga na mikanda. Na aliyeliamsha ni mimi, wakati nilipaswa kulikata nilitupe. Seli za kubadilisha, Tunduma nzima hakuna.

Nikampigia Gidi, nikamwambia haruki.

Jumamosi asubuhi huyo hapo mlangoni, na mama mkwe.

"Shemeji, si ulisema imepona?"

"Nilikosea."

"Mita inasoma vizuri. Mimi ndiye naruka, siyo wewe. Nipe mali yangu."

Mama mkwe akakaa, akanitazama. "Mama Tumaini, watu wameshaambiwa. Mchungaji ameshatangaza. Unataka mwanangu aonekane mwongo?"

"Aonekane tu, mama."

Akaniambia nina wivu. Nikamwambia sawa. Gidi akanyanyuka kwenda mezani kuichukua.

Nikamuwahi. Nikaburuta betri kwangu, nikachomeka globu kwenye mafungu yote kumi na manne, mbele ya macho yao, ianze kuisha chaji. Nikavuta kiti nikakaa pale. Nikasema anayeitaka anitoe kwanza mimi. Tulikaa pale masaa mengi, globu zinawaka, mpaka Gidi akamshika mama yake mkono wakaondoka.

Harambee ilifanyika bila yeye. Nasikia walimcheka sana.

Sasa wajuaji mtaniuliza ushahidi. Sina. Pengine angeruka akatua salama, akashangiliwa, na mimi ningebaki mwoga. Nililikata lile fungu, nikalipeleka mbali na nyumba, na halikulipuka. Lingelipuka labda wangenisamehe.

Nilichojifunza: seli ya aina hii ikishuka hivyo usiiamshe, siyo betri ya lori. Na mafungu kusoma sawa si uzima, yalaze kwanza. Halafu ukikosea, sema umekosea kabla mtu hajaivaa.

Nipondeni kwa busti, hapo nastahili. Kwa kugoma, njoo na hoja, nipo.

Gidi hanisalimii mpaka leo. Juzi tulikutana sokoni, akageuza uso, akanipita.

Alipita kwa miguu yake.