Wiki Sita za Ndindi Bila Sauti

Ganzi ilimwanzia kwenye vidole vya miguu siku ya Jumatatu, na Ndindi alidhani ni viatu. Alikuwa karani katika duka la jumla la mapazia na mashuka kule Eastleigh, kazi ya kusimama kutwa. Isitoshe, wiki mbili kabla ya hapo alikuwa ameharisha vibaya mpaka akakonda, kwa hiyo alijiambia kwamba ni uchovu tu. Jumanne ganzi ikapanda hadi magotini. Jumatano jioni, ngazi za kufika ghorofa ya tatu, nyumbani kwake Umoja, zilimchukua karibu nusu saa, akijivuta kwa kushika ukuta. Alilala na nguo zake. Asubuhi alipotaka kuinuka, miguu ilikataa.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, hakuolewa wala hakuzaa, na majirani walimjua kwa salamu tu. Simu ilikuwa mezani, hatua nne kutoka kitandani. Aliisikia ikilia, ikinyamaza, ikilia tena. Aliita mpaka koo likamkauka, lakini jengo zima lilikuwa limeenda kazini.

Aliyempigia ni mwajiri wake, Batulo, ambaye dukani wote walimwita Mama Kawsar. Katika miaka kumi na moja Ndindi hakuwahi kukosa kazi bila kutoa habari. Saa nane mchana Batulo akafunga duka, akaja na binti yake Kawsar, wakaulizia ghorofa kwa ghorofa hadi waliposikia sauti nyembamba nyuma ya mlango. Msimamizi wa jengo akalivunja komeo.

Hospitalini, daktari mmoja wa kike alimgonga magoti kwa kinyundo cha mpira. Magoti hayakuruka hata kidogo. Daktari akamuuliza kama aliugua siku za karibuni, naye akamweleza habari za tumbo.

“Ubongo wako ni mzima, dada,” daktari akamwambia. “Uti wa mgongo nao ni mzima. Shida iko kwenye mishipa ya fahamu, ile inayotoka kwenye uti kwenda mwilini. Imevikwa ala ya mafuta ili habari zipite upesi. Kinga ya mwili wako ilipigana na vijidudu vya tumbo, ikavimaliza, kisha ikaigeukia ala hiyo kana kwamba nayo ni adui. Ubongo unatoa amri, lakini amri haifiki mguuni.”

Ndindi akauliza ganzi hiyo ikizidi kupanda itaishia wapi. Daktari alisema watakuwa wakimpima pumzi, maana hata kifua huinuliwa na mishipa hiyo hiyo.

Kufikia Jumamosi mikono ilikuwa imelegea, uso umelala, na mate yanampalia. Jumapili pumzi ikamwishia. Wakampitisha mpira kooni, wakamwunganisha na mashine, na hapo sauti yake ikakatika. Alibakiwa na kope tu, nazo kwa shida.

Jambo ambalo hakuna aliyemwonya ni kwamba maumivu yangali yakipita. Miguu iliyoshindwa kusogea ilimwuma, shuka likigusa mapaja ni kama mtu amemmwagia maji ya moto. Moyo ulimwenda mbio bila sababu, jasho likamtoka bila joto, kwa kuwa mishipa inayoendesha mambo hayo pasipo mtu kuyaagiza nayo ilikuwa imevurugika. Na katikati ya yote hayo akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alijua siku, alijua saa. Alijua muuguzi gani anagombana na mumewe, kwa sababu wauguzi walipiga soga hapo kitandani pake kama watu waliozunguka meza. Batulo alikuja kila Ijumaa, akakaa, akaomba dua, akalia. Naye pia hakumwambia neno Ndindi mwenyewe.

Wiki ya tatu akaja Muthama kutoka Mwingi. Muthama ni mdogo wake, na mama yao alipofariki ni Ndindi aliyembeba mgongoni na kumlea. Alifuatana na binamu yao Wathome. Walisimama kando ya kitanda muda mrefu.

“Huyu ameshaenda,” Muthama akasema. “Ni mashine tu inapumua. Nyumba yake ya nini tena?”

Wakakubaliana kuirudisha nyumba kwa mwenye jengo na kubeba vyombo kwenda navyo Mwingi. Wakazungumza pia mahali pa kumzika, karibu na mama. Ndindi alipepesa kope kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Ndugu yake alikuwa akitazama dirishani.

Asubuhi yake muuguzi aitwaye Andati alikuja kumsafisha kinywa, akaona machozi yameteremka mpaka masikioni. Akaacha alichokuwa akifanya.

“Ndindi, unanisikia? Kama unanisikia, fumba macho mara mbili.”

Akafumba mara mbili. Andati akavuta kiti, akaandika herufi kwenye karatasi, akawa anazipitia moja moja kwa kidole mpaka kope zimsimamishe. Ilichukua dakika nyingi kupata neno moja: NIPO. Andati akabandika karatasi juu ya kitanda, kwa herufi kubwa, kwamba mgonjwa huyu anasikia kila neno. Tangu siku hiyo watu wakaanza kumsalimia.

Nguvu zilirudi kutoka juu kwenda chini. Uso kwanza, kisha mabega, kisha vidole vya mikono. Wiki ya sita mpira ukatolewa kooni. Andati alimweleza kwamba ala hujijenga yenyewe taratibu, lakini pale uzi wenyewe wa mshipa ulipoumia, hukua kama milimita moja kwa siku. Ndindi, mtu aliyezoea kupima vitambaa kwa mita, alikisia kutoka kiunoni mpaka kidole cha mguu. Ilikuwa mita moja, yaani karibu miaka mitatu.

Alitoka baada ya miezi minne, kwa kiti cha magurudumu. Batulo alimtafutia chumba cha chini Kariobangi South, na baada ya mwaka akamrudisha kazini, akiandika oda akiwa ameketi. Hutembea kwa fimbo, akitazama sakafu, kwa sababu nyayo bado hazimwambii ziko wapi. Taa ikizimika, husimama pale pale alipo.

Desemba ya mwaka aliorudi kazini, Muthama alimtembelea na mfuko wa maembe. Hakuweza kumtazama usoni. Alikunywa chai, akasifu chumba, akasema vyombo vyake viko salama nyumbani, atavileta.

“Tulikuja hospitali, mimi na Wathome,” akasema hatimaye. “Ulikuwa hujitambui. Ama kuna kitu ulisikia?”

Ndindi aliitazama mikono ya mdogo wake iliyozunguka kikombe.

“Sikusikia kitu,” akajibu.

Muthama akashusha pumzi, akaanza kumpa habari za mvua na mbaazi, na saa tisa akaaga. Ndindi alimsindikiza mpaka mlangoni, polepole, akarudi kuketi. Angeuliza mara ya pili, angemwambia. Hakuuliza.